Neno "Sevisi" na Fedha za Mwenye Gari

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili kwa mlango wa gereji, ni machache yanayotumika mara nyingi na kueleza kidogo kama neno "sevisi". Mwenye gari huambiwa kwamba gari lake linadai sevisi, au kwamba sevisi iliyopita ilikuwa ndogo na sasa inahitajika kubwa. Kisha hupewa orodha ya kazi na jumla ya fedha. Asiyejua mambo ya injini hulipia zote kwa kuogopa, au hukataa zote kwa kushuku. Njia zote mbili zina hasara. Ya kwanza humaliza fedha kwa kazi zisizo na faida; ya pili huweza kuua injini, na pengine kuua watu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo hilo, ingawa ni la ufundi, lina mzizi wake katika lugha. Kazi zilizo mbalimbali zimefungwa katika neno moja, na mlipaji hawezi kupima asichoweza kukitaja. Tukizitenganisha kazi hizo kwa vitenzi vyake, ambavyo vyote tunavyo tayari katika Kiswahili, itakuwa rahisi kujua ipi inastahili kulipiwa na ipi inaweza kungoja.

Neno Moja, Kazi Sita

Istilahi za magari hazikuanzia katika kamati. Neno "gari" lilitoka katika Kihindi. "Usukani" ulikuwa wa vyombo vya baharini kabla ya kuwa wa motokaa. Na "tairi", "breki", "plagi" na "rejeta" yalichukuliwa na mafundi kutoka Kiingereza yakapewa sauti za Kiswahili. Majina hayo hayana taabu, kwa kuwa kila moja linataja kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Taabu iko katika kutaja tendo linalofanyiwa vitu hivyo. Ndani ya neno "sevisi" mna matendo yasiyopungua sita:

(i) Kukagua: kutazama au kupima hali ya kitu bila kukibadili.
(ii) Kuongeza: kutia kilichopungua mpaka kifikie alama yake.
(iii) Kurekebisha: kukaza, kulegeza au kupanga upya ili kitu kirudie kipimo chake.
(iv) Kulainisha: kutia grisi au oili panaposuguana.
(v) Kusafisha: kuondoa uchafu.
(vi) Kubadilisha: kutoa cha zamani na kutia kipya.

Viwanda vinavyounda magari havichanganyi matendo haya. Katika kitabu cha maelekezo huwamo jedwali la kilomita na miezi, na kwa kila sehemu ya gari huandikwa tendo linalotakiwa, mara nyingi kwa herufi moja tu. Magari mengi yaliyoko nchini Tanzania yalitumika kwanza Japani, na kitabu kilichomo, kama bado kimo, kimeandikwa kwa Kijapani. Humo "tenken" ni kukagua na "kokan" ni kubadilisha. Asiyejua lugha hiyo hana budi kumtegemea fundi amfasirie, na fundi naye humfasiria yote kwa neno moja: sevisi.

Hasara yake ni dhahiri. "Sevisi ya breki" inaweza kuwa ni kukagua unene wa pedi, kazi ya dakika chache. Inaweza pia kuwa ni kubadilisha pedi za magurudumu yote manne. Bei za kazi hizo mbili hazikaribiani kabisa, lakini katika risiti jina ni lilelile.

Wako wanaopendelea kusema "matengenezo". Neno hilo ni letu na ni zuri, lakini nalo limebeba mzigo mkubwa. Kutengeneza ni kuunda kitu kipya, na tena ni kukirudisha katika uzima kilichoharibika. Kwa hiyo inafaa neno "utunzaji" litumike kwa kazi zinazofanywa gari likiwa zima ili lisiharibike, na "matengenezo" kwa zile zinazofanywa baada ya kuharibika. Kwa tofauti hiyo mwenye gari anaweza kuuliza swali la kwanza na la maana kuliko yote: "Fundi, hii ni kazi ya utunzaji au ya matengenezo?"

Kila Tendo na Ushahidi Wake

Faida ya kutenganisha vitenzi haiishii katika usanifu wa lugha. Kila kimoja huacha ushahidi wa namna yake, na mwenye gari ana haki ya kuutaka ushahidi huo kabla ya kulipa.

Kubadilisha huacha kitu cha zamani. Ikiwa chujio la hewa limebadilishwa, lile lililochakaa lipo, na linaweza kuletwa mbele ya mwenyewe. Kuongeza huacha alama: oili hupanda katika kijiti chake cha kupimia. Kukagua huacha kipimo. Fundi aliyekagua breki aweza kusema kwamba pedi zimebaki milimita 7. Asemaye tu kwamba "zimeanza kuisha" hajatoa habari yoyote, kwa kuwa pedi huanza kuisha siku ile zinapofungwa. Mafundi wengi hushauri zibadilishwe zinapokaribia milimita 3. Kurekebisha na kulainisha huonekana katika mwendo: usukani uliokuwa ukivuta upande mmoja huacha kuvuta, na kilichokuwa kikilia hunyamaza.

Kusafisha peke yake ndiko kunakoweza kutoacha ushahidi wowote unaoonekana kwa macho, hasa kama kilichosafishwa kiko ndani ya injini. Ndiyo maana mapendekezo mengi yenye shaka huja kwa kitenzi hiki: kusafisha injini kwa dawa kabla ya kumwaga oili, kusafisha njia za petroli, kusafisha njia za hewa. Kazi hizo haziko katika ratiba za kawaida za viwanda vingi. Zinaweza kufaa pale palipo na dalili, kama vile injini kutetema ikiwa imesimama au gari kukosa nguvu. Pasipo dalili, mwenye gari analipia jina la kazi tu. Tena injini ya zamani iliyojaa masizi inaweza kudhurika, kwa kuwa dawa hubandua uchafu ambao huenda ukaziba njia za oili.

Majina Yanayopotosha

Wakati mwingine kosa halimo katika kitenzi bali katika jina la kitu chenyewe. Tutatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni "mafuta ya breki". Katika Kiswahili neno "mafuta" hutaja petroli, oili, na hata yale ya kupikia. Kilichomo katika breki za magari mengi si mafuta hata kidogo. Ni kiowevu cha kemikali kisichotokana na petroli, na anayeongeza oili ya injini humo akidhani mafuta ni mafuta huivimbisha mipira ya breki na kuiharibu. Tena kiowevu hicho kina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Chenye chapa ya DOT 4 hutakiwa kisichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi kikiwa kipya. Kikisha kunywa maji kwa kadiri ya asilimia 3.7, kipimo kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Dereva anayeteremka mlima Kitonga na mzigo, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, huzipasha breki moto mkubwa. Kiowevu kikichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama bila gari kusimama. Kwa sababu hiyo viwanda vingi huagiza kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hakijapungua. Pendekezo hili hudharauliwa sana, nalo ni miongoni mwa yale yanayostahili kabisa kulipiwa. Tunapendekeza kiitwe "kiowevu cha breki".

Wa pili ni "antifrizi". Jina hili latangaza kuzuia kuganda kwa barafu, na mwenye gari wa Dar es Salaam au Mombasa, akilisikia, husema kwa haki kwamba barafu si shida yake. Basi hujaza rejeta kwa maji ya bomba. Lakini dawa hiyo ina kazi nyingine mbili zinazohusu nchi za joto: huzuia kutu ndani ya injini na rejeta, na huongeza kiwango cha joto ambacho maji yatachemkia. Jina limeficha kazi mbili tunazozihitaji na kutangaza moja tusiyoihitaji. Mafundi wengi sasa husema "kulanti", na hilo ni afadhali. Atakaye kulieleza kwa Kiswahili anaweza kusema "kipozainjini".

Wa tatu ni "mafuta ya maisha", linalosemwa juu ya baadhi ya giaboksi za otomatiki. Msikilizaji huelewa kwamba hayabadilishwi kamwe. Swali ni maisha ya nani. Gari lililonunuliwa likiwa limekwisha tembea kilomita nyingi limekwisha maliza sehemu kubwa ya maisha yaliyokusudiwa na kiwanda. Hapa inafaa kukagua kwanza, kisha kuamua kwa kufuata maelekezo ya aina ile ya giaboksi.

Kupima Mapendekezo

Baada ya maelezo hayo, twaweza kuyapanga mapendekezo ya gereji katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kazi zisizofaa kuahirishwa. Humo mna kubadilisha oili ya injini na chujio lake. Ratiba nyingi hutaja muda ulio baina ya kilomita 5,000 na 15,000, kutegemea injini na aina ya oili. Gari linalokwenda katika vumbi, safari fupi fupi, foleni au mizigo mizito hufuata muda mfupi zaidi. Humo pia mna breki na tairi. Na kwa injini zenye mkanda wa taimingi, kubadilisha mkanda huo kwa wakati, ambao kwa magari mengi ya Kijapani ni kila kilomita 100,000. Mkanda ukikatika safarini, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu, na injini huharibika. Hapa methali yasema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, iwapo injini ni ya mnyororo, kazi hii haimo katika ratiba kabisa, na anayetozwa kwa ajili yake anatozwa kwa kitu ambacho gari lake halina.

Fungu la pili ni la kazi zinazofuata dalili au kipimo. Plagi za kawaida hubadilishwa mapema, lakini zile zenye ncha ya iridiamu huweza kufika kilomita 100,000. Kupanga magurudumu kunahitajika tairi zinapolika upande mmoja, usukani unapovuta, au baada ya kutengeneza miguu ya gari. Chujio la hewa hukaguliwa mara kwa mara katika barabara za vumbi, na hubadilishwa likichafuka.

Fungu la tatu ni la kazi zinazoweza kukataliwa bila madhara. Mfano mmoja watosha: kujaza tairi naitrojeni kwa malipo. Hewa tunayoivuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, na asilimia hizo hazilipiwi. Kupima upepo wa tairi kila mwezi kuna faida kubwa zaidi.

Hitimisho

Si nia ya makala haya kuwatuhumu mafundi. Fundi mwaminifu huumizwa na neno "sevisi" kama anavyoumizwa mteja, kwa sababu kazi yake nzuri haitofautishwi na ya mlaghai. Orodha iliyoandikwa kwa vitenzi sita humlinda yeye pia, kwa kuwa huonyesha alichokifanya na alichoshauri kikakataliwa.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina wajibu wa kukuza lugha inayotumika katika shughuli zote za umma, na gereji ni mahali ambapo fedha nyingi za wananchi hupita. Tunapendekeza kwa hiyo kwamba risiti na kadi za gereji ziandikwe kwa vitenzi kukagua, kuongeza, kurekebisha, kulainisha, kusafisha na kubadilisha. Kwamba "utunzaji" utofautishwe na "matengenezo". Na kwamba "kiowevu cha breki" kichukue nafasi ya "mafuta ya breki". Neno "sevisi" halina haja ya kufukuzwa. Na libaki kama jina la siku ya kupeleka gari gereji, lakini lisiwe jina la kitu kinacholipiwa.

Mafundi, madereva na walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa kutuletea maneno wanayoyatumia katika sehemu zao, hasa pale yanapotofautiana na haya, ili yachunguzwe kabla ya kusanifiwa.