Gari la Umeme Uani: Anza na Ethi

Wanaoagiza Nissan Leaf zilizotumika kutoka Japani huanza na swali moja: chaja ya ukutani inauzwa bei gani? Swali hilo lisubiri kidogo. Sanduku lile la ukutani, pamoja na jina lake, si chaja. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, na ndiyo inayopokea umeme wa nyumbani na kuugeuza uweze kuingia kwenye betri. Sanduku ni swichi yenye akili. Linalijulisha gari mwisho wa ampea linazoruhusiwa kuvuta, linakagua kama ethi ipo, kisha ndipo linapopitisha umeme. Kabla ya hapo, pini za kichwa unachokichomeka garini hazina umeme hata kidogo. Ndiyo maana mvua, ambayo watu huiogopa sana, haina madhara makubwa upande wa gari. Pa kuogopa ni ukutani: kwenye soketi, na kwenye nyaya ambazo fundi alizipitisha zamani akiwazia friji na televisheni.

Nyumba zetu zimezoea mizigo ya muda mfupi. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, lakini baada ya dakika chache maji yamechemka na limezima. Pasi nayo huwaka na kujizima. Gari halina mapumziko hayo. Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24, zikichajiwa kwa ampea 10 hupokea takriban kilowati 2.3. Ukirudi jioni betri ikiwa karibu tupu, mkondo huo utapita kwenye soketi moja kwa saa 10 hivi, mfululizo, wakati nyumba nzima imelala.

Joto kwenye kiungo hupanda kwa mraba wa mkondo. Tuseme skrubu moja nyuma ya soketi imelegea na kuleta ukinzani wa ohmu 0.1. Ampea 10 zikipita hapo huzaa wati 10 za joto, mahali pasipozidi punje ya harage. Zikiwa ampea 15, joto linapita wati 22. Birika halikuwahi kuifichua skrubu hiyo, kwa sababu lilizima kabla plastiki haijapata moto.

Hapo ndipo kebo iliyokuja na gari inapoleta balaa. Japani wanatumia umeme wa volti 100 na 200. Kebo nyingi za Leaf za huko zimetengenezwa kwa volti 200, huweza kuvuta hadi ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Kwa hiyo mwenye gari hununua adapta ya pini tatu za bapa, au fundi huikata plagi ya Kijapani na kufunga ya hapa. Plagi ya hapa ina fyuzi ya ampea 13, na mwenye gari huamini kwamba mkondo ukizidi fyuzi itakatika. Haikatiki. Fyuzi ya ampea 13 inaweza kubeba ampea 15 usiku kucha, ila inapata moto. Ifungue plagi iliyotumika hivyo kwa miezi michache, utaona mwenyewe. Upande wa pini ya laini, palipokaa fyuzi, plastiki imekuwa ya kahawia na pengine imevimba, na ganda la waya limekakamaa. Upande wa nyutro bado ni mweupe kama ulivyotoka dukani. Kabla ya kuchomeka chochote, soma kibandiko cha kebo uone kimeandikwa volti ngapi. Kama hakitaji volti 230 au 240, iache kebo hiyo na ununue nyingine.

Kuna baya kuliko hilo. Kebo nzuri ikikosa ethi hukataa kuchaji na kuwasha taa nyekundu. Mwenye gari anaita fundi, fundi anafungua soketi, anachukua kipande kifupi cha waya na kuiunganisha nyutro na ethi. Taa inageuka kijani, gari linachaji, fundi analipwa. Kuanzia dakika hiyo bodi ya gari imeungwa na nyutro. Siku nyutro itakapokatika, kwa skrubu kulegea penye mita au waya kuanguka nje kwa upepo, volti 230 zitapita kwenye taa na friji zilizowashwa na kuishia kwenye bati la gari. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo umeme huo hauna pa kushukia mpaka aje mtu peku kufungua mlango. Kama nyumba ina RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, ujanja huu utaifanya ijizime ovyo, na fundi wa aina hiyo ataiondoa ili asisumbuliwe. Anayekupendekezea hivyo mpe nauli arudi kwake.

Ethi ya kweli kwa nyumba nyingi ni rodi iliyopigwa ardhini karibu na ukuta. Ubora wake hauonekani kwa macho. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa ohmu 100, kiasi cha kawaida kabisa kwenye udongo mkavu. Waya wa laini ukigusa bodi ya gari, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 230 kugawa kwa 100, yaani ampea 2.3. Sakiti breka ya ampea 32 haistuki, kwa sababu hicho ni kiasi cha taa na feni chache. Itabaki imewashwa, na bodi ya gari itabaki na umeme, leo na kesho. Hapo kinachookoa ni RCD peke yake. Yenyewe hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata papo hapo.

RCD nazo si zote zinazofaa. Gari la umeme linaweza kuvujisha mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, na mkondo huo huipofusha RCD ya kawaida, ikashindwa kuona hata uvujaji ambao ingeuona siku nyingine. Angalia alama iliyochapwa usoni pa kifaa. Ya bei rahisi, aina ya AC, ina wimbi moja tu ndani ya kisanduku. Aina ya A ina wimbi hilo pamoja na vilima viwili vya nusu wimbi chini yake. Kwa gari unahitaji angalau aina ya A, na sanduku la kuchajia liwe na kinga ya mkondo mnyoofu wa miliampea 6. Kama sanduku halina kinga hiyo, nunua RCD ya aina ya B, ingawa ni ghali. Na iwe ya laini ya gari peke yake.

Sasa, rodi hupimwaje? Mafundi wengi hufunga taa kati ya laini na ethi, ikiwaka wanasema ethi ipo. Enzi za balbu za wati 100 jaribio hilo lilikuwa na maana kidogo. Balbu ya LED ya wati 9 inatumia takriban miliampea 40, na itawaka vizuri hata kwenye ethi ya ohmu 500. Mita ya kawaida ya mfukoni nayo haitoshi. Kuna kipimo maalumu cha ethi, na fundi wa kazi hii lazima awe nacho. Majira pia yana neno lake. Rodi iliyopimwa masika, udongo umeloa, itatoa namba ya kufurahisha ambayo mwezi wa kumi haipo tena, hasa sehemu kavu kama Dodoma. Pima kiangazi. Namba ikiwa mbaya, rodi iende chini zaidi hadi kwenye unyevu, au ziongezwe rodi nyingine kwa nafasi. Watu wa pwani wana tatizo lao: chumvi hula vibanio, kwa hiyo kiungo cha rodi na waya kikaguliwe kila mwaka.

Baada ya ethi, waya. Gari lipewe laini yake kutoka mein swichi, isiyochangia na soketi yoyote. Waya wa milimita 2.5 za mraba ukienda mita 30 kwa ampea 10 hupoteza zaidi ya volti 5 njiani, nawe unajua volti za saa mbili usiku mtaani kwako zilivyo tayari. Ukitaka ampea 32, tumia milimita 6, na kama unapita darini chini ya bati la jua kali, panda hadi 10. Ekstensheni sizungumzii sana: usitumie. Ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu waya uliobaki umejiviringa hauna pa kutolea joto na huyeyuka ukiwa bado kwenye gurudumu lake.

Lakini unahitaji kweli ampea 32? Wauzaji watakuambia ndiyo. Kwa maoni yangu, wengi hawazihitaji. Leaf za miaka ya mwanzo hazipokei zaidi ya kilowati 3.3 hivi nyumbani, uzifungie sanduku la bei gani. Mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku mjini hutumia uniti 6 au 7, na ampea 10 huzirudisha kwa saa tatu. Laini ya ampea 16 yenye soketi ya buluu ya viwandani, ile ya pini nene za mviringo, inatosha na inavumilia mkondo mrefu kuliko soketi ya kawaida. Nairobi, ambako nyumba nyingi zina shawa ya umeme, ampea 32 huweza kuleta tabu nyingine. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23, ukijumlisha gari umefika 55 kabla ya birika la asubuhi.

Umeme ukikatika gari halidhuriki. Ukirudi ndipo volti huweza kuruka, kwa hiyo weka kinga ya mruko wa umeme kwenye mein swichi. Jenereta ndogo nyingi hazina nyutro iliyofungwa ardhini, na kebo ya gari huzikataa. Usiibishie.

Bili itabadilika. Gari linalokwenda kilomita 1,000 kwa mwezi hula uniti 160 hadi 200, na mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lisilovuka uniti 75, atatoka humo mara moja. Kenya ilianzisha tarifa ya vyombo vya umeme mwaka 2023: Sh16 kwa uniti na Sh8 kwa saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo. Hata hivyo, kwa kilomita zilezile, umeme bado ni nafuu kuliko petroli.

Laini ikishafungwa, chaji saa moja kisha shika plagi kwa kiganja. Uvuguvugu si neno. Ikikufanya uondoe mkono, zima. Mwezi wa kwanza ukiisha, mwite fundi akaze skrubu upya, maana shaba hulegea inapopata joto na kupoa.

Kwa hiyo kabla ya kulipia gari bandarini, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA kama uko Tanzania, au ya EPRA kama uko Kenya. Aje na kipimo cha ethi na akuandikie namba aliyoipata. Ikizidi ohmu 200, pesa za kwanza ziende kwenye rodi. Akisema hana kipimo hicho, tafuta mwingine.