Majina ya Miungu wa Kubuni: Majazi au Lakabu?

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha kuhusu kisiwa cha kubuni, akamwita mungu wa kifo Mauti. Nilimtuza alama ya majazi bila kusita. Insha iliposomwa darasani, mwenzake akauliza, "Mwalimu, kwani watu wa kisiwa hicho wanazungumza Kiswahili?" Sikuwa na jibu. Makala haya yananuia kulitafuta.

Majazi, kama tujuavyo, ni mbinu ya kumpa mhusika jina linaloafiki tabia au hali yake. Mbinu hii hutegemea lugha anayoielewa msomaji. Mtunzi wa fantasia naye aghalabu huumba ulimwengu usioijua lugha hiyo, hivyo basi hana budi kutafuta njia nyingine.

Njia mojawapo ni sauti. Lord Dunsany, mwandishi kutoka Ayalandi, alichapisha The Gods of Pegāna mwaka wa 1905. Kadhaa wa miungu wake wadogo wana majina ya silabi moja tu: Kib, Sish, Mung. Aliyewaumba anaitwa MANA-YOOD-SUSHAI, tena kwa herufi kubwa. Msomaji huhisi tofauti ya daraja kabla hajaelezwa lolote. Sish ndiye mwangamizi wa saa. Litamke jina hilo polepole, mwalimu mwenzangu, usikie kitu kikiteleza. Majina haya hayana lugha nyuma yake, na hilo ndilo pungufu lake.

J.R.R. Tolkien, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, alizama zaidi. Alianza na lugha yenyewe, Kiquenya, akiathiriwa na Kifini na Kilatini. Katika The Silmarillion, kilichochapishwa 1977 baada ya kifo chake, muumba ni Eru, yaani Mmoja, aitwaye pia Ilúvatar, Baba wa Wote. Majazi yapo, ila yamo katika lugha ya wahusika wenyewe.

Chini ya Eru wapo Valar, ambao wanadamu wa hadithi huwaita miungu. Mwamuzi wa wafu miongoni mwao ni Námo, jina lenye maana ya mwenye kuhukumu. Hata hivyo, kwa kawaida haitwi hivyo. Huitwa Mandos, ambalo hasa ni jina la makao yake, mahali zinapokusanyika roho za waliokufa. Kwa hivyo Námo ni majazi, na Mandos ni lakabu, kwa kuwa wahusika ndio waliomzoesha jina hilo. Mtahiniwa anayeandika "majazi" kwa yote mawili hupoteza alama, na hupoteza pia raha ya kuona jinsi watu wanavyomzungumzia wanayemwogopa.

Nilimrudishia mwanafunzi wangu insha yake pamoja na swali la mwenzake. Katika nakala ya pili, wanakisiwa humwita mungu huyo Mwenye Ng'ambo, kwa sababu makaburi yao yako ng'ambo ya mlango wa bahari. Jina lake halisi halitajwi popote.