TELEVIZIO ISHIKWE NA BETO, SI NA PLASTA



Tunataka kutundika televizio ukutani katika chumba cha mikutano. Ni vizuri kabisa, lakini wadogo wetu watakaa chini yake. Basi tufahamu ukuta kwanza.

Mbele ni ubao wa plasta, unene wake mara nyingi milimita 13 hivi. Nyuma ni beto. Katikati iko nafasi tupu: ukigonga na kidole, inalia kama ngoma. Plasta ni laini. Visi ikishika humo peke yake, uzito unaivuta kidogo kidogo, na siku moja yote inaanguka.

Tufanye hivi. Tutafute mahali nyaya za umeme zinapita, tusitoboe pale. Tupime na nivo. Plasta tuitoboe pole pole. Tukifika kwa beto, ndipo mashini ipige. Tupulize vumbi yote itoke, sababu inazuia shevi kushika. Shevi iingie yote ndani ya beto. Urefu wa visi tuhesabu hivi: chuma cha kushikilia, plasta, nafasi tupu, na tena milimita 50 hivi za beto.

Tukikaza sana, plasta itavunjika. Kwa hiyo tuweke kipande cha bomba ya chuma kutoka beto mpaka mbele, visi ipite ndani yake.

Mwisho, mbele ya kutundika, wakubwa wawili wavute chuma kwa nguvu. Kikitikisika hata kidogo, tuanze upya. Haraka haitatusaidia hapa.