Arosto ya mtoto mchanga: mashine huhesabu dalili, mama ndiye ajuaye sababu

Mtoto ambaye mama yake alitumia heroini, methadoni au dawa kali za maumivu wakati wa ujauzito huweza kuugua punde baada ya kuzaliwa. Watafiti wanajaribu vifaa vya kumwangalia usiku na mchana bila kumwamsha.

Mtoto huyo si mlevi. Mwili wake ulizoea dawa tumboni, na kitovu kinapokatwa, dawa nayo hukatika. Kwa kawaida dalili huonekana ndani ya siku tatu za kwanza, ingawa za methadoni huweza kuchelewa: kilio chembamba kisichonyamazika, kutetemeka, chafya za mfululizo, kutapika, kuharisha na kushindwa kunyonya.

Hupimwaje?

Mwaka 1975, Dkt. Loretta Finnegan na wenzake nchini Marekani walichapisha orodha ya alama ambayo ingali ikitumika. Kila baada ya saa chache, muuguzi humchunguza mtoto na kuipa kila dalili alama. Jumla yake humsaidia daktari kuamua iwapo mtoto apewe dozi ndogo ya mofini. Tatizo ni kwamba wauguzi wawili huweza kutofautiana, na mtoto aliyeamshwa ili apimwe hulia kwa sababu ameamshwa.

Hapo ndipo mashine inapotarajiwa kusaidia. Vihisi vidogo juu ya ngozi hurekodi mapigo ya moyo, pumzi na mtetemeko. Kinasa sauti hufuatilia kilio, na kompyuta hulinganisha yote hayo. Vifaa hivi bado vinafanyiwa utafiti na havijachukua nafasi ya muuguzi.

Je, Mbarara?

Kwa familia za Makenke, na kwa wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, vihisi vya aina hii si jambo la mbali. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani wamewahi kujaribu kifaa kisicho na waya kilichovaliwa mkononi na akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Hakikulenga arosto ya watoto, lakini hitaji ni lile lile: jicho lisilochoka katika wodi yenye wagonjwa wengi.

Mashine isichokijua

Kutetemeka huweza pia kuletwa na upungufu wa sukari mwilini au maambukizi. Kifaa huona mtetemeko; hakijui mama alitumia nini. Mama akinyamaza kwa hofu ya kuaibishwa, mtoto huweza kutibiwa ugonjwa usio wake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unashauri mjamzito mwenye uraibu wa heroini atibiwe kwa dawa kama methadoni chini ya uangalizi, badala ya kuachishwa kabisa. Nchini Uganda, tiba hiyo ilianza mwaka 2020 katika Hospitali ya Butabika, Kampala.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha hospitali 26 za Marekani, uliwapima watoto kwa maswali matatu: ananyonya? Analala? Akibembelezwa hunyamaza? Watoto hao walikuwa tayari kuruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku 8 hivi, badala ya takriban 15. Tiba yao ya kwanza ilikuwa chumba tulivu, maziwa na kifua cha mama.

Mjamzito anayetumia dawa hizi asiziache ghafla peke yake. Amweleze mkunga mapema, kabla ya siku ya kujifungua.