Santuri za Wanafunzi wa Houston

Katika bendi za fanki zilizosahauliwa, sijui iliyo na fadhila kuliko Kashmere Stage Band ya Houston, Marekani, ambayo wapigaji wake, waliozivumisha tarumbeta na ngoma kwa umahiri wa watu wazima, walikuwa wanafunzi wa sekondari waliofunzwa na Mwalimu Conrad Johnson. Santuri zao, zilizochapwa chache, zilitawanyika. Wakusanyaji wakazisaka kwa ari hata thamani yake ikapanda mno, na mwaka 2006 kampuni ya Now-Again ikatoa mkusanyo wa kazi zao za 1968 hadi 1974, mwalimu angali hai. Alifariki 2008. Nawe msomaji, uionapo santuri kuukuu yenye jina usilolijua, tafadhali isikilize kabla ya kuiacha.