Fyuzi Ikiungua Mara kwa Mara: Mwongozo kwa Wenye Magari ya Zamani

Magari kama Volkswagen Beetle na Land Rover yaliyotengenezwa miaka ya 1960 na 1970 yamedumu kwa sababu muundo wake ni rahisi na fundi mzoefu huyaelewa. Hata hivyo, nyaya zake zimezeeka. Ganda la waya hukauka na kupasuka, viungio hushika kutu, na kila mmiliki aliyepita ameongeza redio, kengele ya wizi au taa kwa namna yake. Matokeo yake ni fyuzi zinazoungua kila wiki, na gharama za kubadilisha vifaa ambavyo havikuwa na kasoro. Makala hii inaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha hitilafu kabla ya kulipia matengenezo.

Kazi ya fyuzi

Fyuzi ni sehemu iliyofanywa kuwa dhaifu kwa makusudi. Umeme unapozidi kiwango, fyuzi hukatika ili waya usiungue. Kwa hiyo, fyuzi iliyoungua haijaharibika. Imetimiza wajibu wake. Kinachotakiwa kutafutwa ni sababu.

Mfano mmoja utasaidia. Taa kubwa ya wati 45 katika gari la volti 12 hutumia chini ya ampea 4. Ikiwa inalindwa na fyuzi ya ampea 8, fyuzi hiyo ina uwezo mara mbili ya mahitaji, na haina sababu ya kuungua pasipo kasoro. Ikumbukwe kwamba Beetle nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina betri ya volti 6. Katika gari la namna hiyo, taa ileile ya wati 45 huhitaji ampea 7.5, hivyo kiungio chenye kutu huleta joto na usumbufu mapema zaidi.

Kununua fyuzi iliyo sahihi

Fyuzi za kauri za magari ya Kijerumani hutambulika kwa rangi: nyeupe ni ampea 8 na nyekundu ni ampea 16. Fyuzi za kioo za magari ya Kiingereza zinahitaji uangalifu zaidi. Fyuzi ya asili iliyoandikwa 35 hukatika umeme unapofikia ampea 35, lakini uwezo wake wa kubeba umeme mfululizo ni takriban ampea 17. Fyuzi nyingi za kioo zinazouzwa leo huandikwa kiwango cha kubeba mfululizo. Mnunuzi anayefuata namba 35 pekee huenda akaweka fyuzi yenye uwezo maradufu bila kujua. Tunawashauri wanunuzi wamuulize muuzaji namba hiyo ina maana gani.

Kamwe usikubali fyuzi izungushiwe karatasi ya sigara, au mahali pake pawekwe kipande cha waya au fyuzi kubwa zaidi ili gari lifike tu nyumbani. Kufanya hivyo ni kuugeuza waya uliofichwa nyuma ya dashibodi kuwa fyuzi. Utakapoungua, utaungua pamoja na vilivyo karibu nao.

Kusoma fyuzi iliyoungua

Dalili ya mvua ni mawingu. Kabla ya kuitupa fyuzi, itazame kwa makini. Kioo kilichofanya weusi au kilichopakwa madini ndani huashiria shoti, yaani waya wenye umeme umegusa bodi ya gari. Uzi uliokatika katikati, kioo kikiwa safi, huashiria mzigo uliozidi kidogo au fyuzi iliyochoka. Fyuzi iliyoyeyuka kwenye ncha huonyesha joto la kiungio kilicholegea au chenye kutu. Hapo kinachohitajika ni kusafisha kisanduku cha fyuzi na kukaza vishikio vyake.

Andika pia gari lilikuwa likifanya nini: je, ulikuwa umekanyaga breki, umepiga honi, umefungua mlango, au umepita kwenye shimo? Taarifa hiyo humpunguzia fundi muda, nawe hupunguziwa gharama.

Kufuatilia hitilafu

Njia rahisi ni kutumia balbu ya volti 12 yenye wati 21, kama ile ya indiketa, iliyoungwa nyaya mbili. Kwa gari la volti 6, tumia balbu ya volti 6. Injini ikiwa imezimwa, ondoa fyuzi iliyoungua na uunganishe balbu mahali pake, waya mmoja kila upande. Katika gari la volti 12, balbu hiyo haitaruhusu zaidi ya takriban ampea 2, hivyo nyaya hubaki salama wakati wa upimaji.

Zima vifaa vyote vinavyotumia fyuzi hiyo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti. Chomoa tawi moja baada ya jingine. Balbu itakapozimika, umelipata tawi lenye kasoro. Ikiwa haikuwaka, toa balbu za taa husika kisha washa swichi yake. Kwa kuwa hakuna kinachotumia umeme, balbu ya kupimia haipaswi kuwaka. Ikiwaka, shoti iko kati ya swichi na taa. Ikiwa ni lazima ufunguo uwashwe, usiuache hivyo kwa muda mrefu, kwani koili inaweza kupata joto kupita kiasi.

Kagua kwanza mahali ambapo waya hupita kwenye tundu la bati, kwenye bawaba za milango na boneti, karibu na bomba la moshi, na popote palipoongezwa kifaa kisicho cha asili.

Si kila hitilafu huunguza fyuzi. Indiketa ikifanya taa nyingine za nyuma zipepese, au taa zikiwa hafifu, mara nyingi kasoro iko pale waya unapofungwa kwenye bodi. Kusafisha kutu na kukaza skrubu hugharimu kidogo kuliko taa mpya.

Hatari zisizolindwa na fyuzi

Katika magari mengi ya Kiingereza ya wakati huo, taa kubwa na mfumo wa kuwasha injini havikuwekewa fyuzi kabisa. Shoti ikitokea hapo, hakuna kitakachokatika kwanza isipokuwa waya wenyewe. Katika Beetle, betri iko chini ya kiti cha nyuma. Kifuniko chake kisipokuwepo, uzito wa abiria unaweza kusukuma springi za kiti ziguse vichwa vya betri na kuwasha moto. Hakikisha kifuniko kipo, na kila unapogusa nyaya, fungua kwanza waya wa betri unaokwenda kwenye bodi.

Unapompelekea fundi

Kubalianeni kwanza gharama ya kutafuta hitilafu, kabla ya gharama ya kutengeneza. Muombe akuonyeshe waya au kifaa chenye kasoro, akurudishie kilichotolewa, na akupe risiti inayotaja kazi iliyofanyika. Fundi anayependekeza kubadilisha kifaa bila kupima anakuuzia dhana. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi na kusema kazi imekwisha hajatengeneza gari.

Beba mtungi wa kuzimia moto ndani ya gari. Ukisikia harufu ya waya unaoungua, simamisha gari, zima injini, waondoe abiria, na upige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.