Labu Iligundua Chai ya Zambarau. Sasa Kampuni Iko Wapi?

Leo story iko nyumbani. Kule upande wa Kericho kuna mahali panaitwa Timbilil. Wengi wetu tumewahi pita huko na mat tukiangalia simu tu. Lakini Kericho ndiko wanasayansi wa chai wamekuwa wakichimba mambo tangu miaka ya 1950, na huko ndiko ilitoka chai ya zambarau, ile kwa makaratasi inaitwa TRFK 306/1. Utafiti ulikula karibu miaka 25 kabla wakulima wapewe miche mwaka wa 2011. Miaka 25, buda! Unaanza kazi ukiwa kijana, unaimaliza ukihesabu pensheni.

Rangi yenyewe si mapambo. Hayo majani yamejaa anthosianini, kemikali ile ile inayofanya zabibu nyeusi kuwa nyeusi, na kuna watu ng'ambo wako tayari kuilipia juu ya maneno ya afya. Pia mmea unavumilia ukame na baridi kali. Kwa hivyo wakulima waliambiwa majani ya zambarau yatawaletea doo kuliko ya kijani. Wengine wakang'oa kitu ya zamani, wakapanda mpya, wakangoja.

Halafu kukawa kimya.

Shida haikuwa sayansi. Viwanda vyetu vingi vimejengwa kwa chai nyeusi ya kawaida: majani yanakatwa, yanapondwa, yanakunjwa, yanaachwa yachachuke, yanakaushwa. Ukichachusha ile ya zambarau, sehemu kubwa ya hiyo kemikali inapotea, yaani unatupa kitu yenyewe unauza. Inataka laini yake ya mashine. Na kiwanda hakiwezi weka laini mpya kwa gunia tatu za majani kwa siku, na mkulima naye hawezi ongeza shamba kama hakuna kiwanda. Kila mtu anangoja mwenzake aanze. Kangaita, kule Kirinyaga, walijaribu kuisindika, lakini kwa mkulima aliye mbali na mnunuzi wa aina hiyo, majani yaliuzwa bei sawa na ya kijani. Kuna wenye waling'oa tena.

Hapo ndipo swali la leo linaingia. Ugunduzi ukitoka labu, nani anaubeba mpaka dukani?

(Mimi niliacha chuo kabla nimalize, kwa hivyo kama nimeelewa hii maneno, hata wewe utaelewa.)

Marekani walipata jibu moja mwaka wa 1976. Herbert Boyer, profesa wa chuo cha California kule San Francisco, alikuwa amesaidia kugundua venye unaweza kata kipande cha jeni na kukibandika ndani ya bakteria. Kijana wa mambo ya uwekezaji, Robert Swanson, akamtafuta, wakaongea, na kila mmoja akatoa dola 500 wafungue kampuni. Wakaiita Genentech. Wakafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu, na kufikia 1982 dawa ikaruhusiwa kuuzwa, ikiuzwa na kampuni kubwa ya Eli Lilly. Tangu hapo ukienda chuo kikuu cha huko, unapata profesa ako na labu asubuhi na mkutano wa kampuni jioni. Hapa kwetu ukisikia profesa ako na side hustle, mara nyingi ni ploti ama ng'ombe wa maziwa.

Lakini usidhani hii ni kitu ya wazungu na mabilioni pekee. Angalia Magharibi mwa Kenya. Kuna gugu linaitwa striga, Wajaluo wanaliita kayongo. Lina maua mazuri ya kupigia selfie, lakini chini ya ardhi linajishika kwa mizizi ya mahindi na kunyonya kila kitu. Mbegu zake zinakaa kwa udongo miaka mingi zikingoja tu. David Sands, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Montana State, pamoja na watafiti wa KALRO, walichukua kuvu inayoshambulia striga, wakachagua aina zenye kutoa asidi amino nyingi kiasi cha kulisumisha gugu. Mahindi haiguswi.

Sasa sikia venye inafika kijijini: kwa kijiti cha meno! Kuvu inakaushwa kwa kijiti, kijiti kinaenda kijijini, mtu anachemsha wali, anaweka kuvu ikue humo siku chache, na mkulima anatupia kidogo kwa shimo pamoja na mbegu. Hakuna friji, hakuna mashine ya mamilioni. Walijaribu kwa mashamba 500, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha mavuno yakipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Kisha wakafungua kampuni, Toothpick Company, wakapeleka makaratasi serikalini, na 2021 wakaruhusiwa kuuza. Bidhaa inaitwa Kichawi Kill. Jina limeweza, bana.

Tofauti na chai ya zambarau unaiona? Kwa striga kuna watu kazi yao ni moja tu, kuhakikisha hiyo kuvu imefika kwa shimo la mahindi. Chai ilipewa miche na matumaini. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipotelea, si kwa labu.

Na hii inatuhusu. Chuo cha Kabianga hakiko mbali, kilipata hati yake 2013, na kuna wasee wanasoma sayansi huko wakitoka kwa boma zenye chai mpaka mlangoni. Ukigundua kitu, usikimbilie kukianika kwa kongamano kwanza. Kama ni uvumbuzi, enda KIPI uombe patenti, inakulinda miaka 20. Kama ni aina mpya ya mmea, hiyo ni maneno ya KEPHIS. Soma pia sheria za chuo chako kabla ya kusaini, juu ukitumia labu yao, nao wanaweza dai kipande. Halafu tafuta Swanson wako, ule msee hajui kemikali lakini anajua nani atanunua. Wa kwanza kumuuliza ni mwenye kiwanda: hiyo laini ya mashine atairudishia pesa na gunia ngapi kwa siku?